Mikutano ya wakazi na polisi: tunatokaje kwenye malalamiko yaleyale kila mwezi?

Katibu_Mgeni ameuliza:

Wakuu, salamu. Nauliza kwa niaba ya kamati ya wakazi, nyumba kama 140 hivi. Kila mwezi tuna kikao na ofisa wa polisi wa eneo pamoja na diwani, na mara mojamoja anakuja mtu wa idara ya barabara na taa. Yanayosemwa ni yaleyale: simu kuporwa kwenye kituo cha basi, jumba lililotelekezwa ambalo watu huingia usiku, na muziki wa ukumbi unaovuka saa sita. Polisi hujibu "tumepokea", jiji hujibu "linafanyiwa kazi", tunaagana.

Naomba majibu ya watu wanaoijua kazi hii kwa undani. La "shirikianeni" tumeshalisikia. Hasa:

- Tupeleke nini mezani ili kikao kizae kazi badala ya ahadi?
- Kipi ni cha polisi na kipi ni cha jiji?
- Taarifa tuzikusanye vipi bila kumweka mkazi hatarini?
- Wapo wanaotaka tuanzishe doria ya wakazi. Ina maana yoyote?
- Tutajuaje kama kuna kilichobadilika?

---

Mchambuzi_wa_Zamu amejibu:

Mkuu, anza na neno "tatizo", maana hapo ndipo vikao vingi vinapofia. "Wizi" ni jina la kosa tu. Ofisa akiambiwa "wizi umezidi" ataahidi doria, kwa sababu hajaambiwa aende wapi, saa ngapi, akakute nini. Herman Goldstein, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alilisema hili tangu 1979: polisi hukimbizana na tukio mojamoja, kumbe matukio mengi yana mzizi mmoja. Mwaka 1987 watafiti John Eck na William Spelman, wakitumia kazi iliyofanywa na polisi wa mji wa Newport News huko Marekani, waliipanga njia hiyo katika hatua nne: kutambua, kuchambua, kuchukua hatua, kutathmini. Kikao chenu kinaruka ya pili. Mnatambua, halafu papo hapo mnadai hatua.

Sentensi ya tatizo iwe na mambo matano: tendo, mahali, siku na saa, nani anaumia, na njia inayotumika. Ikikosa moja, haijaiva.

Ili kuipata, fungueni daftari la matukio kwa wiki sita, au mpaka mfikishe matukio kama 30, kipi kitangulie. Safu zake:

namba / tarehe / siku ya wiki / saa ya mapema kabisa / saa ya mwisho kabisa / mahali (namba ya nguzo au ya jengo) / kilichotokea / njia / kimeripotiwa polisi? / namba ya ripoti

Hizo safu mbili za saa zina sababu. Mtu akiegesha gari saa 4 usiku na kukuta kioo kimevunjwa saa 12 asubuhi, ataandika "saa 12 asubuhi". Wakifanya hivyo watu kumi, mtaamini wezi wenu wanaamka alfajiri, na mtaomba doria ya alfajiri. Andika muda wote: 4:00 usiku hadi 12:00 asubuhi. Matukio yenye muda mpana yawekwe kando, uyatazame yale yenye muda mfupi. Hayo ndiyo yatakayokuonyesha saa halisi.

Kosa la pili ni kuhesabu mara mbili. Tukio moja likisimuliwa na watu watano kwenye kundi la WhatsApp, kwenye daftari hugeuka matukio matano. Mtu mmoja tu aingize, na akutanishe tarehe, mahali na kilichoibwa kabla ya kutoa namba mpya.

La tatu: msilazimishe ramani iwe na alama kila mahali. Uchunguzi wa simu zilizopigwa polisi katika jiji la Minneapolis, Marekani, uliochapishwa 1989 na mtafiti Lawrence Sherman na wenzake, ulikuta asilimia 3 hivi tu ya anwani za jiji zima ndizo zilizozaa zaidi ya nusu ya simu zote. Mtaa wa nyumba 140 huenda ukawa na sehemu mbili au tatu zinazobeba karibu kila kitu. Mkizipata hizo, mmeshatoka kwenye "mtaa wetu umeharibika" na kufika kwenye "hatua kumi na tano za barabara hii, kati ya saa 1 na saa 3 usiku". Hilo la pili lina mtu wa kulishughulikia.

---

Fundi_Nguzo amejibu:

Nijibu hilo la kipi cha nani. Polisi habadilishi taa, hafyeki, hafungi jengo, hanyang'anyi leseni. Nusu ya orodha zinazosomwa mbele ya ofisa wa polisi si kazi yake, na yeye kwa adabu huandika tu. Kabla ya kikao, kila jambo liandikiwe idara yake.

Taa kwanza, kwa sababu ndiyo ya haraka. Msiandike "taa haziwaki". Andikeni namba ya nguzo (huwa imepigwa chapa au kubandikwa usawa wa macho), na aina ya ubovu:

Taa moja imekufa, jirani zake zinawaka: balbu, fyuzi au kifaa cha ndani. Kazi ya fundi mmoja na gari la ngazi.

Safu nzima imezimika: kebo, au swichi inayolisha safu hiyo. Hapa kubadilisha balbu hakusaidii kitu. Mkiripoti kama "taa saba mbovu" kwa fomu saba, zitatoka kazi saba za balbu na fundi ataondoka bila kugusa kebo. Ripoti iwe moja: "nguzo 12 hadi 18, zote, tangu tarehe fulani".

Taa inawaka mchana: fotoseli, kile kijicho kinachopima mwanga, imeharibika au imechafuka. Watu hawairipoti kwa kuwa "si inawaka?", lakini balbu inachakaa bure na siku moja itazimika usiku.

Inawaka na kuzimika kila baada ya dakika chache: mara nyingi balbu imefika mwisho wa maisha yake.

Inawaka vizuri, chini giza: tawi. Hiyo si ya idara ya taa kabisa, ni ya miti na bustani. Fundi wa taa akija ataandika "taa ni nzima", atafunga kazi, na nyinyi mtabaki kulalamika kwamba jiji linadanganya.

Piga picha mbili za kila nguzo, mchana na usiku, ukiwa umesimama palepale. Kisha jaribio rahisi: mwenzako asimame hatua kumi kutoka kwako chini ya taa. Unauona uso wake, au kivuli tu? Mwanga mkali unaomulika macho ni mbaya kuliko wa wastani uliosambaa, maana pembeni yake ndipo giza linapokuwa zito zaidi.

Kwamba mwanga unasaidia si maneno ya mtaani tu. New York mwaka 2016 waliweka minara ya taa kwenye baadhi ya makazi ya umma, wakichagua kwa bahati nasibu yapi yapate na yapi yasubiri. Makosa makubwa ya nje ya nyumba nyakati za usiku yalipungua kwa takriban asilimia 36.

Sasa jumba. Mlolongo wake ni mrefu na haukatizwi:

Tafuteni namba ya kiwanja, kisha jina la mmiliki kwenye daftari la ardhi. Bila mmiliki, notisi haina pa kwenda. Halafu ombeni idara ya majengo ifanye ukaguzi wa maandishi, wenye tarehe na jina la mkaguzi. Ukaguzi ndio unaozaa notisi. Barua yenu peke yake haizai. Notisi ina siku zake za kisheria. Zikiisha bila mmiliki kufanya lolote, jiji linaweza kuziba lenyewe na kumdai gharama, kama sheria zake zinaruhusu. Wakazi hukasirikia hizo siku za kusubiri na kutaka zirukwe. Zikirukwa, mmiliki anakwenda mahakamani na kushinda kwa kosa la utaratibu, na mnaanza upya.

Wakati wa kuziba, msikubali ubao uliopigwa misumari kwa nje. Mtaimbo unaung'oa kwa dakika moja. Plaiwudi nene, milimita 12 au zaidi, ikatwe iingie ndani ya fremu. Ndani zilazwe mbao mbili za kukingama zilizo ndefu kuliko upana wa dirisha, na bolti ndefu zipite kutoka nje hadi kwenye mbao hizo. Kichwa cha bolti kilicho nje kiwe cha duara kisichoshikwa na spana. Nati zikazwe kwa ndani. Mlango mmoja uachwe na kufuli kwa ajili ya mkaguzi na zimamoto, na ufunguo uwe kwa mtu anayejulikana.

Hata hivyo ubao ni wa muda. Kuanzia 2011 jiji la Philadelphia, Marekani, liliwabana wenye majengo yaliyotelekezwa waweke milango na madirisha halisi, na utafiti uliotoka 2015 uliona mashambulio ya bunduki yakipungua karibu na majengo yaliyotengenezwa hivyo. Dirisha la kweli linamwambia mpita njia kuna mwenyewe. Ubao unatangaza kinyume chake.

---

Jicho_la_Kona amejibu:

Maneno mengi. Dawa ni moja: polisi waongeze doria. Gari lipite kila saa, wezi watahama wenyewe.

---

Mchambuzi_wa_Zamu amejibu:

@Jicho_la_Kona ndugu yangu, hilo lilijaribiwa kwa kipimo zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Polisi wa Kansas City, Marekani, 1972 hadi 1973, waligawa maeneo 15 ya doria: matano yakaondolewa doria ya kawaida ya magari (polisi waliingia walipoitwa tu), matano yakaachwa kama yalivyo, matano yakaongezewa mara mbili hadi tatu. Makosa hayakutofautiana kwa maana yoyote, na wakazi wengi hata hawakugundua kuwa kuna kilichobadilika.

Kinachofanya kazi ni ofisa kusimama mahali padogo panapojulikana. Mtafiti Christopher Koper, kwenye uchambuzi wake wa 1995 wa data za Minneapolis, alikuta kwamba ofisa akikaa penye matatizo dakika 10 hadi 15, athari hubaki kwa muda baada ya yeye kuondoka. Akikaa muda mrefu zaidi ya huo, faida ya kila dakika inayoongezeka hushuka. Kwa hiyo ombi la Katibu lisiwe "doria zaidi". Liwe: "tunaomba ofisa ashuke garini kwenye kituo cha basi, dakika 15, mara mbili kati ya saa 1 na saa 3 usiku, Jumatano hadi Ijumaa, kwa wiki nne, saa zisizotabirika". Msimamizi wa zamu anaweza kulipanga hilo bila kuongezewa askari hata mmoja. Doria ya "kila saa" ni ratiba ambayo na mwizi anaisoma.

---

Kalamu_ya_Kikao amejibu:

Mimi niseme kuhusu kikao chenyewe, kwa kuwa daftari zuri likiingia kwenye kikao kibovu linapotea.

Barua itangulie siku 7 hadi 10 kabla, ukurasa mmoja, mambo yasiyozidi matatu, kila moja na sentensi yake ya tatizo na namba za nguzo au ripoti. Ofisa anayeyasikia kwa mara ya kwanza ukumbini hawezi kujibu zaidi ya "tumepokea", na hapo tusimlaumu.

Mwombeni kwa cheo: msimamizi anayepanga zamu za eneo lenu, na kutoka jijini mtu anayeweza kusaini agizo la kazi. Msemaji au ofisa uhusiano ni mtu mwema, ila hana kalamu.

Dakika 60, zigawanywe hivi: dakika 15 za kupitia ahadi za kikao kilichopita, 30 za mambo matatu, 10 za mapya, 5 za kusoma tena waliyokubaliana. Ahadi za nyuma ndizo zitangulie. Zikiwekwa mwisho, muda huisha kabla hazijafikiwa, mwezi baada ya mwezi.

Orodha ya kazi iwe na safu nne tu: kazi, jina la mwenye kazi, tarehe, hali. "Jiji litashughulikia taa" haiandikwi. Inaandikwa "msimamizi wa taa: kukagua kebo ya nguzo 12–18, ifikapo tarehe 14". Akisema hawezi kutaja tarehe ya kumaliza, mwombe tarehe ya kutoa jibu. Hiyo kila mtu anaweza kuitaja. Na wakazi nao wawe na kazi zao kwenye orodha hiyohiyo, la sivyo inaonekana kama hati ya mashtaka. Muhtasari utumwe ndani ya saa 48, wakati waliohudhuria bado wanakumbuka walichosema.

Ofisa atahamishwa. Hili halina kama, ni lini tu. Wekeni faili moja: ramani, daftari, orodha ya kazi, barua na majibu yake. Ofisa mpya apewe faili na atembezwe mtaani kwa miguu kwa nusu saa, usiku, ndani ya wiki mbili za kwanza. Na msiwe na namba ya mtu mmoja pekee. Kuwe na ya msaidizi wake.

Kuna jambo watu hulikwepa: nani anakaa kwenye viti. Chicago ilianza mpango wake wa polisi na wakazi mwaka 1993 katika wilaya tano, na mikutano ya kila eneo la doria ikawa ndiyo uti wa mgongo. Watafiti waliofuatilia kwa miaka mingi walikuta wenye nyumba zao na watu wa makamo wamejaa kuliko idadi yao mtaani, huku wapangaji na wahamiaji wakiwa wachache. Kwenu kituo cha basi saa 2 usiku kinatumiwa na nani? Wanaotoka kazini na wanafunzi, ambao kikao cha saa 11 jioni hawakifikii kamwe. Nendeni mkawaulize kituoni, maswali matatu, dakika mbili kila mtu, watu 20 wanatosha kuanzia.

Suala la muziki ni fupi: ukumbi una leseni, na leseni ina masharti ya saa. Andikeni tarehe, saa ya kuanza na ya kukoma, chumba ulichokuwamo, dirisha wazi au limefungwa, kilichosikika. Wiki tatu, kaya tatu tofauti. Programu ya kupima sauti kwenye simu msiitegemee kama ushahidi: maikrofoni haijapimwa rasmi, na besi, ambayo ndiyo inayopenya ukuta, huisoma vibaya. Peleka kwa mamlaka ya leseni, na nakala kwa mwenye ukumbi kabla yao. Mara nyingine kugeuza spika na kufunga mlango wa nyuma kunamaliza kesi.

---

Zamu_Bila_Rungu amejibu:

Doria ya wakazi: ndiyo, kwa masharti, na kama hamyawezi masharti acheni kabisa.

Watu wawili au zaidi, kamwe si mmoja. Hakuna silaha, hakuna rungu, hakuna mbwa mkali. Hakuna kukimbiza, kupekua, kuzuia mtu njia wala kumhoji. Kazi ni kuona na kuripoti, basi. Polisi wajulishwe mnapoanza na mnapomaliza, wajue waliovaa fulana za kung'aa saa 3 usiku ni kina nani. Kila zamu iandikwe: majina, saa, njia, kilichoonekana, hata kama ni "hakuna". Ofisa wa eneo awape mafunzo ya jioni moja kabla ya zamu ya kwanza, na majina ya wanaojiunga yapitiwe, maana nafasi ya kujua nani hayupo nyumbani huvutia na wasiostahili.

Maelezo ya mtu huanguka kwa kuanza na jaketi. Jaketi na kofia ndivyo vinavyovuliwa kwanza, mita mia mbili tu kutoka pale. Anza na chombo (namba ya pikipiki au gari, hata tarakimu tatu za mwisho), uelekeo, kisha viatu, suruali, begi, umbo, mwendo. Viatu ni vigumu kubadilisha ukiwa unakimbia. "Alionekana wa kutiliwa shaka" isiandikwe. Andika alichofanya: "alijaribu vitasa vya magari matatu mfululizo, nguzo 9 hadi 11, saa 3:20". Huwezi kuandika kitendo? Basi huna cha kuripoti, una mgeni tu.

Kundi la WhatsApp ndiyo hatari kubwa kuliko mwizi. Picha ya mtu yenye maneno "huyu ndiye" ikishatoka hairudi. Ndani ya saa moja kuna watu wanajichukulia sheria mkononi, na mara nyingi juu ya mtu siye. Kundi la taarifa liwe la wasimamizi kuandika pekee. Picha na video ziende polisi moja kwa moja. Nyuso, namba za magari na majina havibandikwi. Dharura hupigwa namba ya dharura kwanza, kundi baadaye.

Na kwenye daftari: majina ya waathirika yasiwemo, namba tu, na orodha inayounganisha namba na majina ikae kwa mtu mmoja, tena kwenye karatasi. Vurugu za ndani ya nyumba zisiingie kabisa kwenye daftari wala ramani. Alama moja kwenye ramani ya ukutani inatosha kumwambia mpigaji kwamba mkewe au jirani amesema. Hizo zina mkondo wake wa siri.

---

Katibu_Mgeni amejibu:

Wakuu, nimepata zaidi ya nilivyotegemea. Nimeandika sentensi ya kituo cha basi, naomba mniwekee wino mwekundu:

"Vijana wa pikipiki wanapora simu za wakazi jioni kwenye kituo cha basi kwa sababu polisi hawapo."

---

Mchambuzi_wa_Zamu amejibu:

Umejitahidi. Sasa tuikate.

"Vijana": waliovaa helmeti, umri umeujuaje? Toa. "Jioni": saa 11 au saa 3? Weka saa za daftari. "Kwenye kituo": upande upi, unaokwenda mjini au unaorudi? "Wanapora": kwa njia gani hasa? "Kwa sababu polisi hawapo": hiyo ni dawa uliyoivalisha kanzu ya chanzo. Chanzo hakikai kwenye sentensi ya tatizo, kinakuja baada ya kuchambua.

Iwe hivi: "Abiria waliosimama ukingoni mwa barabara, upande wa kurudi, wananyakuliwa simu kutoka mkononi na mtu wa nyuma ya pikipiki inayopunguza mwendo bila kusimama, zaidi saa 1 hadi saa 2:30 usiku, siku za kazi."

Ona kilichotokea. Mara tu ulipoandika "ukingoni" na "bila kusimama", swali limehama kutoka kwa polisi kwenda kwa barabara: kwa nini watu wanasimama ukingoni?

---

Fundi_Nguzo amejibu:

Hapo ndipo pangu. Nenda saa 1 usiku ukasimame dakika arobaini uangalie. Mara nyingi utakuta mojawapo ya haya: ubao wa tangazo wa pembeni mwa kibanda unaziba kuona basi likija, hivyo watu wanasogea ukingoni kuchungulia, simu mkononi, au kibanda kina giza na taa iko ng'ambo, au pana dimbwi palepale pa kusimama.

Ubao: ombeni uhamishiwe upande usiotazama mabasi yanakotokea, au uwekwe kioo cha kuona ng'ambo. Ukingo: reli ya chuma usawa wa kiuno, sambamba na barabara, yenye uwazi pale milango ya basi inapofungukia tu. Msiombe vigingi. Vigingi hupangwa kwa nafasi ya kupitisha kiti cha magurudumu, na panapopita kiti hicho pikipiki inapita pia. Vigingi huzuia magari. Na hata reli ikipangwa vibaya ni shida: isipoacha uwazi wa kutosha, watu watasimama nje yake, barabarani.

Kabla ya kuomba chochote cha kujengwa, muulize mwenye mamlaka ya usafiri kama kituo kinatarajiwa kuhamishwa. Nguzo mpya kwenye kituo kinachong'olewa mwaka unaofuata ni kazi bure.

---

Kalamu_ya_Kikao amejibu:

Swali la mwisho halijajibiwa: mtajuaje. Chukueni wiki sita za kabla na wiki sita za baada, saa zilezile, na muangalie msimu: msilinganishe wiki za likizo na za shule. Chagueni kituo kingine kinachofanana ambacho hakijaguswa, mkihesabu vilevile. Vyote viwili vikishuka, huenda si nyinyi. Pia hesabuni vituo viwili vya jirani, kuona kama wizi umehamia huko. Huo uhamaji hutokea, ingawa mara chache kuliko watu wanavyodhani, na wakati mwingine majirani nao hunufaika.

Mtego mmoja: wakazi wakianza kuwaamini polisi, ripoti hupanda. Diwani atauona mstari unapanda na kusema mpango umeshindwa. Ndiyo maana lazima muwe na kipimo cha pili kisichopitia polisi, kama vile mkazi kuhesabu kila Jumatano saa 1:30 ni abiria wangapi wamesimama ukingoni na wangapi wana simu mkononi.

Na mkipata wizi wa nyumba huko mbeleni, kumbukeni mradi wa Kirkholt, Rochdale, Uingereza, katikati ya miaka ya 1980. Waliona nyumba iliyoibiwa ndiyo iliyo hatarini kuibiwa tena, wakailenga hiyo: walitoa mita za umeme na gesi zinazolipiwa kwa sarafu, maana ndizo zilizokuwa zikivunjwa, wakaimarisha milango, na wakaomba kaya kama sita zinazoizunguka ziwe macho. Wizi wa nyumba ulishuka hadi asilimia 40 ya ule wa awali ndani ya miezi mitano. Nyumba moja na majirani sita ni kazi inayowezekana hata na kamati ya watu wanne.

---

Katibu_Mgeni amejibu:

Asanteni sana. Kesho saa 1 usiku tunakwenda watatu kituoni na karatasi ya kuhesabia. @Fundi_Nguzo, nguzo iliyo karibu na kibanda namba yake imefutika. Niandikeje?

---

Fundi_Nguzo amejibu:

Soma namba ya nguzo ya kabla na ya baada, uandike "nguzo isiyo na namba kati ya 31 na 33", pamoja na picha inayoonyesha kibanda. Na ongeza mstari wa pili kwenye ombi: namba ichorwe upya. Isipochorwa, kila fundi atakayetumwa atazunguka na kurudi na karatasi iliyoandikwa "haikuonekana".